Mstari wa Mashahidi

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi jirani na mahakama ya mwanzo, hapa Mbeya. Kompyuta mbili, printa, na mashine ya fotokopi ambayo asubuhi za Julai huwa naiwasha mapema ipate joto, la sivyo inatafuna karatasi. Kwa siku moja naweza kuchapa mkataba wa kuuziana kiwanja cha Isyesye, barua ya kuomba kazi, muhtasari wa kikao cha ukoo kuhusu mirathi, na mara nyingi kabla jua halijazama anatokea mtu mwenye malalamiko dhidi ya polisi.

Barua hizo nimezichapa miaka tisa. Mkono unazijua. Juu anwani ya mlalamikaji, chini yake ya anayeandikiwa, kisha YAH na maneno ya herufi kubwa yaliyopigiwa mstari, kisha "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Halafu tarehe, saa, mahali. Halafu yaliyotokea, na hapo mtu huanza kuongea haraka mpaka namwomba aanze upya. Mwisho kabisa, kabla ya sahihi, huwa naandika neno Mashahidi, naweka nukta mbili, nasubiri.

Wengi hukaa kimya hapo. Ilikuwa usiku. Nilikuwa peke yangu. Kulikuwa na watu lakini wote walikimbia. Aliyekuwepo ni afande mwenzake.

Nimeandika "hakuna" kwenye mstari huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ndiyo sababu naandika makala hii. Naamini askari polisi wa nchi hii wanapaswa kuvaa kamera kifuani, na walazimishwe na sheria, isiwe hisani ya mkuu fulani wa kituo anayependa mambo ya kisasa. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na lilianza kunikaa moyoni kwa sababu ya mtoto wa dada yangu.

Kijana huyo alikuwa na pikipiki ya mkataba pale Uyole. Wanaojua bodaboda wanajua mkataba ni nini: mwenye pikipiki anakukabidhi, unampelekea hesabu kila siku, na muda mliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yako. Alikuwa amebakiza miezi miwili. Usiku mmoja wa Novemba, kama saa nne, alimpeleka abiria Nsalaga, na wakati anarudi kijiweni akasimamishwa na askari wawili waliokuwa doria kwa miguu. Waliomba leseni, akawapa. Wakaomba kupekua pikipiki. Mmoja akamulika tochi, mwingine akaingiza mkono chini ya kava la siti na kutoa misokoto miwili ya bangi.

Alilala mahabusu siku tatu kabla hatujapata dhamana. Kesi iliitwa, ikaahirishwa, ikaitwa tena, ikaahirishwa, upande wa mashtaka ukisema mashahidi wao wana dharura. Mwezi wa tano ikafutwa. Kwa karatasi alishinda. Lakini pikipiki ilikuwa imeshikiliwa kama kielelezo muda wote huo, imenyeshewa masika nzima kwenye uwanja wa kituo chini ya mkaratusi, na ilipotoka, mwenyewe alikuja kuichukua akasema mkataba umevunjika kwa sababu hesabu hazikuletwa. Alikuwa sahihi, hazikuletwa.

Nitasema jambo ambalo dada yangu hapendi nilitamke. Mimi ni mjomba wake, nimemlea kama wangu, na namwamini aliposema bangi haikuwa yake. Ila sikuwepo. Hata hakimu hakuwepo, wala mkuu wa kituo aliyeniambia kwa upole kabisa kwamba askari wake hawawezi kufanya kitu kama hicho. Watu watatu tu duniani wanajua kilichokuwa chini ya kava la siti ile, na wawili kati yao wamevaa sare. Kwa hiyo sitaki kitu kitakachompa mpwa wangu ushindi. Nataka kitu kitakachotujulisha kilichotokea, hata kama kitaniumbua mimi na dada yangu.

Kuna video ya kutoka Baltimore, Marekani, nilimwonyesha pale kibandani. Ni ya Januari 2017. Kamera nyingi za kifuani zimetengenezwa hivi: zikiwa zimewashwa huwa zinapiga picha muda wote na kuzifuta zenyewe, na askari akibonyeza kitufe ndipo zinaanza kutunza, zikichukua pia sekunde 30 za kabla ya kubonyeza, ila bila sauti. Askari yule wa Baltimore hakulizingatia hilo. Katika sekunde zile 30 za kimya anaonekana kwenye uwanja wenye takataka akiweka kifurushi ndani ya kopo la bati, mbele ya askari wenzake wawili. Anatoka hadi barabarani. Hapo sauti inaingia, maana ndipo alipobonyeza. Anasema anakwenda kukagua, anarudi palepale, anapekua kidogo, anainua kopo, anatoa dawa za kulevya alizoziweka mwenyewe. Mwaka 2018 mahakama ilimkuta na hatia ya kutengeneza ushahidi.

Kijana aliitazama bila kusema neno. Ilipoisha akasema, "Mjomba, rudisha nyuma." Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya tatu alikuwa haangalii kopo, alikuwa anaangalia wale askari wawili waliosimama pembeni.

Sisi tuna neno kwa jambo hilo: kubambikiwa. Lugha haitungi neno kwa jambo lisilotokea, na hili limezaa kitenzi kamili, kinanyambulika, hata mtoto wa darasa la nne anakijua.

Lakini nisikimbilie kusema kamera ni dawa. Watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajua kitu kingine, na tulikijua kabla ya watu wengi. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi alikufa akiwa kazini. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, na siku hiyo alikwenda kuripoti shughuli ya CHADEMA ambayo polisi walikuja kuizuia. Picha zilizopigwa na wenzake zinamwonyesha amezingirwa na askari wenye marungu na bunduki za mabomu ya machozi, kisha zinaonyesha mwili uliopasuliwa na bomu lililofyatuliwa kwa karibu mno. Nakumbuka nilivyoiona ile picha ya kuzingirwa kwenye meza ya magazeti pale Mwanjelwa. Watu waliizunguka ile meza kama wanavyozunguka ajali, na mzee mmoja alivua kofia.

Pale Nyololo kamera zilikuwepo. Mwangosi mwenyewe alikuwa mtu wa kamera. Hazikuzuia chochote. Kilichofanyika ni kwamba baada ya pale ilikuwa vigumu sana kusimulia habari nyingine tofauti na ile iliyoonekana, na mwaka 2016 Mahakama Kuu kanda ya Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wapo wanaosema ni kidogo, wapo wanaosema walipaswa kuwa wengi kizimbani. Mimi najiuliza swali dogo zaidi: kungekuwa na kesi gani kama waandishi wote wangekuwa wameondoka saa moja kabla?

Jambo jingine la Nyololo ambalo ni rahisi kulipita ni hili: zile picha hazikuwa mikononi mwa polisi. Hakuna mkuu aliyeweza kusema kadi imeharibika. Minneapolis ilikuwa vilevile. George Floyd alipouawa tarehe 25 Mei 2020, askari walikuwa na kamera vifuani. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa. Kilichoiangusha taarifa ile ni simu ya binti wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyesimama kando ya barabara na hakuondoka. Video za kamera za askari zilikuja baadaye, zikasaidia kweli mahakamani, lakini usiku ule zilikuwa zimefungiwa kwa wenyewe.

Ndiyo maana nikisikia mtu anauliza kama kamera zinafanya kazi, namuuliza kwanza: ziko mikononi mwa nani, na kitufe anakibonyeza nani?

Majibu ya kitafiti yapo na yanapingana, na mpingano wenyewe unafundisha. Mji mdogo wa Rialto, California, ulifanya jaribio la mwaka mmoja kuanzia Februari 2012. Zamu ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine za kamera, nyingine bila. Malalamiko ya raia yalishuka kutoka 24 mwaka uliotangulia hadi 3, na matukio ya askari kutumia nguvu yakashuka kutoka 61 hadi 25. Habari hiyo ilizunguka dunia. Kisha Washington, mji mkuu, wakafanya jaribio kubwa zaidi, askari zaidi ya 2,000, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliovaa na wasiovaa. Wapinzani wakasema mnaona, fedha za bure.

Ila kuna kipande cha katikati. Barak Ariel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyeshiriki lile jaribio la Rialto, alikwenda na wenzake kwenye vikosi vingine kadhaa, na mwaka 2016 wakatoa jambo ambalo ningependa kila mbunge alisome. Pale askari walipofuata utaratibu, yaani kuwasha tangu mwanzo na kumwambia raia kwamba anarekodiwa, matumizi ya nguvu yalipungua kwa asilimia 37. Pale askari walipoachiwa waamue wenyewe lini wawashe, yaliongezeka kwa asilimia 71. Kamera ile ile. Askari anayechagua lini awashe anawasha raia akishakasirika, na tunachoona ni hasira ya raia bila kuona ilikotoka. Kamera ya namna hiyo mimi siitaki hapa Mbeya. Bora tubaki na barua zangu.

Nina rafiki, sajenti mstaafu, anayekuja kibandani karibu kila siku kusoma magazeti. Alifanya kazi Chunya, Mafinga na Makete kabla ya kustaafu, na wote tunamwita Afande ingawa sare alishairudisha. Nilimsomea rasimu ya makala hii. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Karani," aliniambia, maana hapa mtaani ndilo jina langu, "umeandika kama vile askari ndiye anayeiogopa kamera peke yake."

Kisha akanisimulia jambo ambalo kwa miaka yote ya kunywa naye chai hakuwahi kulisema. Akiwa kwenye kizuizi kimoja barabara ya TANZAM, alilikamata lori lenye matairi yaliyokwisha kabisa, akakataa kuliachia. Dereva alipofika mbele akapiga simu kwa mtu wake, na yule mtu akapiga simu kwa mtu mwingine, na habari ikafika kwa wakubwa kwamba sajenti ameomba hongo. Hakukuwa na shahidi. Hakushtakiwa, hakusafishwa. Alihamishwa ndani ya wiki mbili, mke akabaki na watoto mjini kwa sababu ya shule, na hadi anastaafu lile neno lilikuwa kwenye faili lake. "Shikamoo zote hizi unazoniamkia," akasema, "kuna ofisi ukienda wananijua mimi kama mla rushwa."

Nilinyamaza. Na yeye alikuwa na mstari wa mashahidi ulioandikwa "hakuna".

Afande hakubaliani na mimi kwa kila kitu. Anaogopa kwamba askari kijana akikutana na jambazi mwenye panga gizani atafikiria kamera kabla ya kufikiria uhai wake. Naliheshimu hilo kwa sababu yeye amesimama mahali ambapo mimi sijasimama. Jibu langu kwake lilikuwa kwamba mtu akishambuliwa na panga, video ndiyo itakayomtetea vizuri kuliko mtu yeyote. Akasema nitaelewa siku nikiliona panga. Tuliishia hapo, na sidhani kama mmoja wetu alimshinda mwenzake.

Kuhusu gharama, siwezi kujifanya sioni. Kifaa chenyewe sicho kinachokula fedha nyingi; kinachokula ni kutunza video, maana kila zamu inaleta saa nyingi za picha zinazohitaji mahali salama, umeme usiokatika na watu wa kuzipanga. Tuna vituo vidogo vya polisi huko milimani ambako hata karatasi za PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mgonjwa huambiwa akatoe kopi mwenyewe. Wanakuja kwangu, nawatolea. Kwa hiyo sisemi kila askari wa nchi avae kesho. Ningeanza na wanaokamata na kupekua usiku, na wale wanaopelekwa kwenye mikusanyiko, na trafiki.

Trafiki hasa, kwa sababu hapo serikali imeshatujibu yenyewe. Anayesafiri kutoka Makambako kuja Mbeya anaijua tochi, ile kamera ya kupima kasi. Unapita kwenye kibao cha 50 ukiwa na 58, humwoni mtu, kilomita kadhaa mbele unasimamishwa na askari anayekuonyesha kwenye simu picha ya gari lako, na kasi, na saa. Unalipa 30,000 kwa kumbukumbu namba. Sijawahi kuona ubaya wa tochi. Mteremko wa Iwambi na ule wa kushukia Mbalizi imetuzikia watu wengi mno. Lakini kama inawezekana kutunza na kutumiana picha ya kosa langu ndani ya dakika tano, inawezekana pia kutunza picha ya mazungumzo yetu dirishani baada ya pale, na leseni yangu ilivyorudi, na kilichokuwa kimekunjwa ndani yake.

Kitu kinachonipa hofu ya kweli ni faragha. Nimeona mara nyingi video za watuhumiwa zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nyuso wazi, kabla mtu hajafikishwa kwa hakimu. Sasa fikiria mama aliyepigwa na mumewe amefungua mlango usiku akiwa na kanga moja, na aliyekuja kumsaidia ana kamera kifuani. Au binti kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Picha zao zikitoka, msaada umegeuka adhabu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo, kwa hiyo mahali pa kuanzia papo. Askari anayesambaza video aipoteze kazi na ashtakiwe. Kwenye dawati kamera izimwe, na izimwe kwa kutamka sababu kwa sauti kabla ya kuzima, ili na huko kuzima kuwe na kumbukumbu.

Na video zisikae kituoni. Mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua, hivyo kikwazo hakiko kwenye kupokea. Kiko kwenye kuzipata. Kenya wana mamlaka huru ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Sisi malalamiko dhidi ya polisi yanapelekwa kwa polisi, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina kazi nyingine chungu nzima. Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti kuhusu mfumo wa haki jinai, na moja ya yale iliyopendekeza ni polisi waache kuwa jeshi wawe huduma. Basi nakala ya kila video iende nje ya jengo la polisi siku hiyohiyo, na mtu aliyerekodiwa awe na haki ya kuiomba yake kama anavyoomba nakala ya hukumu. Na sheria iseme wazi: askari akitakiwa kuwa na video ya upekuzi na video haipo, bila sababu inayoeleweka, basi mahakama isiupokee ule ushahidi alioupata. Sharti hilo moja lingefanya vitufe viwashwe bila amri ya mtu. Na misokoto miwili isiyo na video isingeifunga pikipiki ya mtu kwa zaidi ya miezi mitano.

Mpwa wangu sasa anabeba mizigo pale sokoni Mwanjelwa, viazi vinavyoshuka na Fuso kutoka Isyonje. Haongei tena habari za pikipiki. Kila afande akipita karibu, hata wa kununua mchicha tu, anaweka mikono yote miwili juu ya gunia, mahali inapoonekana, na nadhani hajui kwamba anafanya hivyo.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja anayeuza ndizi, kanga kichwani imelowa mvua. Mwanawe alikamatwa juzi usiku, na alipokwenda kumwona alimkuta jicho limevimba; kituoni wamemwambia kijana ameanguka. Tukachapa. Anwani, YAH, tarehe, saa, mahali. Nikafika chini, nikaandika Mashahidi, nikaweka nukta mbili.

"Andika Mungu," akasema.

Nikamweleza kwa heshima kwamba huko barua inakokwenda wanataka jina na namba ya simu. Akafikiri. Akaniuliza kama nikiandika "hakuna" watampuuza mwanawe. Sikuwa na jibu la kumpa mama wa watu. Akaniomba niufute mstari wote, ili wasiuone kabisa.

Nikaufuta, nikamtolea kopi mbili. Alilipia moja tu.